Boti ya Faiba Iliyokatika Nyuma

MAELEZO YA SHAHIDI

Jina: Adventina Rwehumbiza
Umri: miaka 43
Kazi: mwalimu, chuo cha ufundi
Makazi: Nyakato, Mwanza

Mimi ndiye niliyetajwa hapo juu. Ninafundisha nguvu za vifaa, yaani kwa nini kitu hiki hukatika na kile hakikatiki. Sina undugu na mtuhumiwa.

Mnamo tarehe 8 Agosti 1994, majira ya saa tatu asubuhi, Sajenti Maige alinifuata karakana akiwa na kipande cha boti ya faiba. Alinieleza kuwa Jumamosi boti hiyo ilikatika nyuma, pale inapofungwa injini, ikazama karibu na Igombe, na mwenye boti, Malimi, akafa maji. Fundi aliyeiunda, Luhaga, yuko mahabusu. Watu wanadai aliiba vitambaa vya nyuzi za kioo, akaweka tabaka mbili badala ya nne walizokubaliana.

Nasema wazi kuwa kile kipande kilinifurahisha, na baadaye nikaona aibu, maana kuna mtu amekufa. Faiba nzuri ikivutwa hadi ikatike, nyuzi hukatika fupifupi zikiwa bado zimeshikwa na gundi inayogandisha vitambaa. Hizi zilikuwa zimechomoka ndefu na safi, kama nywele kwenye kitana. Gundi haikuzishika hata kidogo. Nilimwambia afande, "Hapa kuna jambo. Niachie."

Kesho yake nilikiweka juu ya jiko la mkaa nje ya karakana. Gundi iliungua kwa moshi mbaya, majirani wakalalamika, lakini kioo hakiungui. Vilibaki vitambaa vitupu, nikavifunua kimoja kimoja. Vilikuwa vinne. Luhaga hakuiba kitu.

Sasa kwa nini ikatike? Sikuweza kuliacha swali hilo. Jioni niliomba kumwona Luhaga hapa kituoni. Nilimwamkia shikamoo, akaitikia bila kuniangalia. Nikamwomba anionyeshe anavyofanya kazi. Alisema ameunda mitumbwi ya mbao tangu ujana wake, faiba ameianza mwaka jana tu, yeye na vijana anaowafundisha. Kwenye kona ya nyuma, inapofungwa injini, anasindilia kitambaa kwa dole gumba, vile vile anavyosindilia pamba kwenye maungio ya mbao. Boti ilikatika kwenye kona hiyo hiyo. Mikono yake ilikuwa imejaa vipele.

Nikamuuliza, "Baba, hizi nyuzi zinawasha. Mnafanyaje?"

"Tunapaka mafuta ya samaki, yale ya sangara, mwalimu. Mkono ukiwa na mafuta hauwashi sana."

"Umemwambia afande?"

"Hapana."

"Kwa nini? Wanakuita mwizi!"

Akasema, "Yale mafuta alituletea Malimi mwenyewe. Alitukuta tunajikuna, akatuonea huruma. Mkewe ndiye aliyeyakaanga. Nikisema, yule mama ataishije akijua?"

Niliagana naye, nikarudi karakana.

Tarehe 10 niliunda vipande viwili vya faiba, kimoja kwa mikono mikavu, kingine kwa mikono niliyoipaka mafuta ya sangara. Leo asubuhi, tarehe 12, vilipokuwa vimekauka, nilivining'iniza kwenye boriti na kuvifungia mifuko ya saruji. Cha mafuta kilikatika mapema, nyuzi zikachomoka safi kama zile za boti. Kile kingine kilibeba karibu mara mbili yake.

Kwa maoni yangu mafuta yalizuia gundi isishike nyuzi. Sikuona wizi wala hila. Walikuwa wanakimbia muwasho, basi. Najua Luhaga hakutaka jambo la mafuta lisemwe, na limenikera kulisema, lakini siwezi kumwacha afungwe kwa wizi ambao haukuwapo.

Mke wa marehemu, Selina, amekaa kwenye benchi hapo nje. Nilipoingia alinishika mkono, akaniuliza kama yule mwizi atafungwa. Namwomba afande amweleze yeye, mimi siwezi.

Hayo ndiyo niliyoyaona na kuyasikia. Nimesomewa, yako sawa, nami naweka sahihi yangu.

(Sahihi) A. Rwehumbiza

Maelezo haya nimeyaandika mimi, Sajenti Maige, tarehe 12 Agosti 1994, saa tisa alasiri. Mke wa marehemu nimemweleza yote, pamoja na habari ya mafuta. Alilia muda mrefu. Kisha akauliza kama mahabusu anaruhusiwa kuletewa chakula. Nikamwambia anaruhusiwa.