Pini ya Riksho

Jumatatu, 3 Juni

Mjukuu wangu,

Hujambo, na masomo hayajambo? Sisi huku tunapumua, ila goti la Bibi yako limevimba tena. Ijumaa nitamvuta hadi kliniki kwa riksho, kile kigari chepesi ulichokipaka rangi likizoni. Eti hataki! Anapenda kubembelezwa, huyo. Simu yangu imeingia maji, kwa hiyo andika, umpe dereva wa basi. Lile neno lako darasani liliishia wapi?

Babu yako, fundi magurudumu

Jumatano, 5 Juni

Shikamoo Babu,

Mpe Bibi pole. Mimi mzima, wa mwili tu.

Usimvute Bibi! Gurudumu la kushoto nilichomoa pini, nikachomeka msumari. Sheria ya karakana naijua: chuma kikitoka, kitambaa chekundu kinafungwa. Sikufunga, maana ungeniuliza pini iko wapi.

Mwalimu alitaka tueleze asili ya neno. Nikasema riksho limetoka Kijapani, jinrikisha: jin ni mtu, riki ni nguvu, sha ni gari. Wageni wakalifupisha, na aliyeanguka njiani ni yule mtu. Pini niliinyanyua juu ili darasa litazame chuma, lisinitazame mimi. Kwa lugha ya shule nilijieleza vizuri. Kwa lugha yetu nikashindwa kukwambia, "Babu, naazima."

Mjukuu wako

Jumamosi, 8 Juni

Shikamoo Babu,

Bibi hajambo? Dereva anasema basi liliharibika siku mbili, barua yangu bado iko mfukoni mwake. Na jana ilikuwa Ijumaa. Nijibu, hata kwa kunigombeza.

Mjukuu wako

Jumanne, 11 Juni

Mjukuu wangu,

Marahaba. Mwandiko ni wa Bibi yako. Mimi nasema tu, mkono wa kulia umefungwa. Kwenye mteremko msumari ulikatika, gurudumu likaenda zake. Niliangukia bega, lakini mikono ya riksho sikuiachia. Bibi yako hana hata mchubuko. (Mke mwenzangu, hapa ni mimi Bibi: nilipiga kelele mpaka kliniki wakatufuata wenyewe.)

Barua yako ilifika kesho yake. Nimekasirika, sikufichi. Yule mtu aliyeanguka kwenye neno lako, Ijumaa alikuwa mimi.

Pini usimpe dereva. Ilete mwenyewe, simama mlangoni, useme. Kitambaa chekundu nimeshakifunga kwenye riksho, kwa mkono wa kushoto. Kimekaa kombo, lakini kinaonekana.

Babu yako