Mtindo wa Wini

Jumatatu, 4 Machi 2024
Nimerudi darasani baada ya matanga. Kidato cha Nne, mada ya mageuzi. Ningeweza kumwachia mwalimu mwenzangu Sostenes kipindi, ila sikutaka kuhurumiwa. Nikaeleza kwamba kiumbe hubaki na kile kinachomsaidia kuishi. Alute, yule mbishi wa mbele, akauliza: na michezo je? Nikasema mwanambuzi anarukaruka ili kesho aweze kumkimbia fisi. Hakuridhika. Na mitindo, mwalimu? Mbona wasichana wote wa Iguguno siku hizi wanaruka kamba kwa kushika goti? Darasa likacheka. Nikatoka nje kupenga kamasi.

Jumatano, 6 Machi
Kweli, nimewaona. Wanaruka mara mbili, wanainama, wanashika goti, wanaruka tena. Wini wangu! Mwanangu alishika goti kwa sababu lilimuuma — ugonjwa wa selimundu haukumwacha hata acheze. Wenzake wakadhani ni mbwembwe. Naye, mjanja, akawaacha wadhani hivyo.
Nimemwambia Anselm tukiwa tunakula. Kasukuma sahani. Hataki watoto uani kwetu tena, hawezi kumwona binti yake kwenye miguu ya watoto wa watu. Sikubisha. Naumia kama yeye, ila mimi nataka kuona.

Jumamosi, 9 Machi
Nduguti, kununua dagaa. Kando ya soko, msichana nisiyemjua anaruka kamba — anashika goti! Nikamuuliza kafundishwa na nani. Shikamoo kwanza, kisha: "Ndivyo inavyorukwa." Basi. Hajui kama kulikuwa na Wini.
Huwa nafundisha kwamba ukirithi selimundu kwa mzazi mmoja tu, inakukinga na malaria. Mimi na Anselm tumekingwa. Mtoto karithi kwetu sote, kaondoka. Na hili la goti linamkinga nani? Halimsaidii mtu kitu. Na limefika Nduguti.

Jumapili, 10 Machi
Sara, shoga yake Wini, yuko mlangoni na mdogo wake. Wanaomba kamba ya Wini, yao imekatika. Nimeingia chumbani kuichukua chini ya mto, nimekaa naandika badala ya kutoka. Anselm yuko kitandani, kageukia ukutani. Nimemwambia wako wawili tu, hawana wa kushika upande wa pili.
Sasa ameketi. Anapapasa ndala kwa miguu. Kuwafukuza au kuwashikia, sijui. Amenyoosha mkono.
"Lete kamba."