Vumbi la Kitengela

Dada Nekesa,

Hamjambo huko Bungoma? Huku Kitengela vumbi limenipaka poda bila kuniuliza. Jana kaka yetu alinipeleka kula nyama choma. Kwenye meza ya jirani walikaa wazungu wazee waliostaafia huku. Kachumbari ilipoletwa, mmoja akamfokea mhudumu: "Hii naosha na maji gani? Wewe nataka kuua sisi?" Ikarudishwa jikoni. Mzee huyohuyo akajimiminia wiski nyingine, akawashia sigara mpya kwenye ile iliyokuwa inaisha, akakohoa mpaka glasi zikatetemeka. Wenzake wakamgongagonga mgongoni: "Pole sana. Ni vumbi ya hapa tu."

Na Baba, bado anasema kikohozi chake kinaletwa na moshi wa jikoni kwako? Nawapenda nyote. Mfichie kiko chake.

Nafula