Ugonjwa Niliodhani Nimekuachia

Nasimiyu dadangu,

Sikuulizi hali. Aliyelala mahali ulipolala haulizwi hali. Nitaanza na yangu: ngozi yangu imetulia, na tangu tukuzike sijathubutu kukuambia hivyo, hata kimoyomoyo. Viwiko ni safi. Magoti ni safi. Watu kazini, kwenye ghala la mbegu, wananiambia, "Chebet, siku hizi unang'aa," nami natafuta gunia la kuinamia ili nisiwajibu. Miaka yote ile nilivaa mikono mirefu kuficha madoa. Sasa naivaa kuficha kwamba hayapo.

Ninakuandikia kwa sababu wiki kadhaa zilizopita nilikuwa kwenu Malakisi, kwa mama yako, na kuna mambo yalisemwa ambayo ni haki yako kuyajua. Lakini niruhusu nianze mbali kidogo. Nikianzia hapo nitalia, na karatasi ni hii moja tu.

Siku tulipojuana ulikuja ukaketi kando yangu kwenye benchi la kliniki ya ngozi hapa Kitale. Hukunisalimu. Ulisema tu, "Dada, si unikune hapa katikati ya mgongo, mkono haufiki." Nilikukuna. Kisha nawe ukanikuna. Wanawake wazima wawili, hatujuani hata majina, tunakunana mbele za watu. Mzee mmoja aliyekuwa mbele yetu aligeukia ukutani.

Mimi nililaumu mbegu. Napakia mbegu za mahindi zilizopakwa ile dawa nyekundu ya kuzuia wadudu, na kila mtu alisema ni hiyo dawa. Wewe ulilaumu tumbaku, maana tangu utotoni ulikuwa ukichuma majani yake na kuyatunga kwenye kamba pamoja na mama yako. Mume wako hakulaumu kazi yoyote. Alisema ni laana, akakurudisha kwenu na sanduku lako la nguo. Ulinihadithia hayo huku unamenya chungwa, kama unasimulia habari za jirani.

Halafu tukampata Daktari wetu. Waliomtangulia walitupa mafuta ya kujipaka na kutuaga. Yeye alikuwa anafanya utafiti juu ya watu kama sisi, wenye madoa yasiyosikia dawa. Alituketisha pamoja akatueleza polepole. Kuna ngozi inayowaka kwa sababu kinga ya mwili imekasirika bure, na hiyo inatesa lakini kwa kawaida haiui. Na kuna saratani ya chembe zilezile za kinga, inaitwa limfoma, ambayo inaweza kukaa ndani ya ngozi miaka na miaka ikijifanya ukurutu. Kwa ngozi nyeusi kama yetu, alisema, wekundu hauonekani vizuri, na vitabu alivyosomea vilijaa picha za Wazungu. Kwa hiyo macho hayatoshi. Lazima akate kipande kidogo cha ngozi akitazame kwa hadubini, na pengine arudie kukata.

Ulimuuliza, "Sasa Daktari, hayo magonjwa mawili yakikaa pamoja kwa benchi, utayajuaje?"

Akasema, "Hiyo ndiyo kazi yangu. Na si kila mara ninajua."

Tulicheka wote. Mimi nilidhani anatania.

Unajua kilichofuata, lakini acha nikiseme, maana sijawahi kukisema chote. Majibu ya kwanza yaliporudi, yangu ndiyo yaliyotia shaka. Yako yalisema ukurutu wa kawaida. Nilitoka nikakaa kwenye nyasi karibu na geti, nikiwaza mwanangu Kiprono atalelewa na nani. Ukanifuata. Ukaketi. Ukasema, "Nitamlea mimi. Lakini hutakufa, bana." Wiki ile ukafunga kula kwa ajili yangu. Siku moja ulipiga magoti katika chumba changu, ukiwa umeshika mikono yangu yenye magamba, ukaomba, "Baba, mwondolee Chebet ugonjwa huu. Kama ni lazima uuweke mahali, uweke mahali pengine."

Nikasema amina. Niliisema kwa sauti, Nasimiyu.

Daktari alitukata tena sote wawili, mimi kwa sababu nilimtatiza, wewe kwa sababu madoa yako yalianza kuwa manene. Niliitwa kwanza. Akaniambia ni soriasisi, si saratani. Haiishi, lakini inatulizwa. Nilicheka kwenye korido mpaka nesi akanitaka ninyamaze, kuna wagonjwa. Wewe wakati huo ulikuwa ndani unaambiwa lako. Ulipotoka ulinikuta nacheka, ukanikumbatia, ukasema, "Si nilikwambia?" Ulinibeba na furaha yangu hadi barabarani. Ni huko, baada ya mimi kumaliza kusema kila kitu, ndipo uliponiambia kwamba limfoma ni yako.

Ulitibiwa. Madoa yalipungua, yakarudi yakiwa uvimbe, uvimbe ukapasuka. Mimi nilikuwa nameza vidonge vyangu vya soriasisi, mara moja kwa wiki, kila Jumapili, na kila ulivyozidi kuumwa ndivyo nilivyozidi kupona. Nilipokuja kukuona nilikuwa sijui niweke wapi mikono yangu.

Siku ya mazishi yako, watu walipokwenda kula, mama yako alinishika kiganja akanipeleka nyuma ya banda la kukaushia tumbaku. Hakupiga kelele. Ningependa angepiga. Alisema, "Aliniambia yote. Ati alikuombea ugonjwa wako uende mahali pengine. Ukaja kwake. Ulimwachia mtoto wangu ugonjwa wako, na sikuwa na mwingine."

Alichokisema nilikuwa nimekifikiri kabla yake, tangu siku ile ya korido.

Nilirudi Kitale nikaacha dawa. Sikumwambia mtu. Sikuwa nataka kufa, usinielewe vibaya. Nilitaka tu kurudishiwa kilicho changu. Viwiko vilianza tena, kisha kichwa, kisha mgongo wote, na nilipokuwa nawashwa hadi kutoa damu nilisikia nafuu fulani ya ajabu, kama mtu aliyerudisha kitu cha kuazima. Daktari aliponiona kliniki alishtuka. Akaniuliza kama dawa imeacha kufanya kazi. Nikamwambia dawa nimeiacha. Akaniuliza kwa nini. Nilimweleza juu ya maombi yako na maneno ya mama yako, nikijua atanicheka, yeye ni mtu wa sayansi.

Hakucheka. Aliandika kitu kwenye faili langu, kisha akasema, "Nipe siku chache."

Vipande vyetu vyote amevihifadhi, Nasimiyu, vimelala kwenye vioo vidogo vya hadubini, vyako na vyangu. Alikwenda akatoa kile chako cha kwanza kabisa, alichokukata kabla hujanijua vizuri, kabla ya nyasi za getini, kabla hujafunga. Akakitazama upya, akawatumia na wenzake wakitazame bila kuwaambia ni cha nani. Kisha akanipigia simu. Alisema, "Jumamosi tunakwenda Malakisi. Nitaongea mimi."

Tulipita Kimilili na Chwele kwa gari lake bila kuongea sana. Nilimwona amevaa nguo za kanisani.

Mama yako alikuwa amekaa nje anachagua maharagwe kwenye ungo. Ameng'oa tumbaku yote. Shamba zima sasa ni maharagwe. Daktari aliketi kwenye kigoda, akamwamkia, akaitikiwa. Akasema, "Mama, nimekuja kukueleza kosa. Si la Chebet. Ni langu."

Akamwambia kwamba katika kile kipande cha kwanza saratani ilikuwa tayari imo. Chembe zilikuwa chache, zimejipanga pembeni kabisa mwa ngozi. Aliziona kwa macho yake, akadhani ni zile za kawaida za ukurutu. Akamwambia kwamba ugonjwa huu hauambukizi, hauhami kwa mtu kwenda kwa mtu, wala haukutoka kwenye tumbaku. Mama yako akasema, "Tumbaku niliichoka tu." Mikono yake haikuacha kuchagua.

Kisha akauliza, "Ungeziona siku ile, angepona?"

"Sijui, Mama. Nadhani angeishi zaidi. Siwezi kukuapia."

Kuku alipita katikati yetu. Mama yako alimfukuza, akaweka ungo chini. Sikuwahi kumwona akiwa hana kitu mkononi.

"Kwa hiyo alipokuwa akimwombea huyu," akasema, "ugonjwa ulikuwa wake tayari."

"Ndiyo."

"Na hakujua."

"Hakujua, Mama. Hata mimi sikujua."

Ndipo nikashindwa. Nilipiga magoti pale kwenye maganda ya maharagwe nikamwambia kwamba ulipoomba ugonjwa uwekwe mahali pengine, mimi niliitikia amina. Kwamba sikuuliza mahali pengine ni wapi. Alinitazama vile ulivyokuwa ukinitazama wewe nikisema upuuzi.

"Ulikuwa na mtoto nyumbani," akasema. "Nani hangesema amina? Inuka. Mtu mzima hakai kwenye maganda."

Hakunikumbatia. Nisikudanganye, hatukulia pamoja wala hatukuimba. Alimwambia Daktari, "Wewe umekuja kwa miguu yako kuniambia. Sijui kama nimekusamehe. Lakini umekuja." Daktari aliinamisha kichwa. Kisha mama yako alituletea chai na viazi vitamu, akaniuliza ulikuwaje huko Kitale, kwa maana nyumbani ulikuwa mkimya. Wewe, mkimya! Nilimweleza mpaka chai ikapoa. Mara moja alicheka, akaziba mdomo na leso, akanitazama kwa hasira kidogo kama nimemwibia.

Hatia haijaisha, dadangu. Nilidhani itaanguka nikishajua kwamba sikukuachia kitu. Imebadilika sura tu. Zamani niliona nimeishi kwa sababu ulikufa. Sasa naona ulikuwa unakufa na bado ulifunga kwa ajili yangu, na hilo sijui pa kuliweka. Nadhani ndiyo sababu Daktari naye anarudi kwenye vioo vya zamani, kimoja kimoja, vya wagonjwa wote walioambiwa ni ukurutu. Ameshampata mmoja, mama wa Misikhu. Alipoambiwa akatwe mara ya pili alikataa, ati ngozi yake imeshakatwa inatosha. Daktari akaniomba niongee naye. Nilimwambia juu yako. Nilitaja jina lako, kwa kuwa mama yako aliniambia, "Mtaje. Hakuiba hata afichwe." Yule mama alinisikiliza, akaingia ndani kukatwa. Saratani yake imeonekana mapema, Nasimiyu, bado ni madoa tu.

Dawa nimeirudia. Ngozi imetakata tena, na kesho kazini nitakwenda na blauzi ya mikono mifupi, ile ya kijani, wakinisema waniseme.

Nakuahidi mambo mawili, na mashahidi wako ni hao waliolala karibu nawe. Sitaacha dawa tena kwa ajili yako. Na tulipokuwa tunaaga, mama yako alisema maharagwe yaliyobaki shambani yatakauka mwisho wa mwezi huu na mgongo wake hauinami kama zamani. Hakuniomba. Alisema tu, akitazama shamba. Nimekwisha kuomba ruhusa ghalani, nitakuja na Kiprono, tutayang'oa yote na kuyapura kabla mvua haijayaharibu.

Nikimaliza nitapita hapo ulipo. Pumzika, dadangu.

Wako,
Chebet