Maneno ya Shangazi Redioni

Siku ya kwanza, Jumatatu 8/2/1999
Chaki imeisha. Nimeandika ubaoni kwa kipande cha muhogo mkavu. Somo: wafalme wa zamani wa Kivu. Wasichana wamecheka, kisha wameandika. Nyumbani shangazi Nsimire amepika sombe, majani ya muhogo. Yuko kwangu tangu askari walipoua watu kwenye kilima chao, upande wa Mumosho. Mume wake walimuua mlangoni mwa kanisa, mvua ikinyesha, yeye akitazama. Anamsimulia kila anayekuja: jirani, muuza makala, padri. Haongezi, hapunguzi. Kuna siku namchukia kwa hiyo.

Siku ya tatu, 10/2
Askari wamemkamata Mugisho, mtoto pekee wa shangazi aliyebaki. Wamemtoa gereji, mikono bado na mafuta. Ati anapelekea wapiganaji wa msituni chumvi. Uongo. Au kweli, sijui. Shangazi amekwenda kukaa chini mbele ya kambi. Wamempiga mateke. Amerudi na kiatu kimoja.

Siku ya tano, 12/2
Nimeitwa bureau ya kambi. Commandant ni kijana msafi, ananukia sabuni. Amenipa chai ya maziwa. Anasema na yeye alipenda historia shuleni.
"Madame, ule mumama anasumbua muji na masimulizi yake. Aseme ku redio kama ni batu ya musitu njo baliua bwana yake. Weye utamuandikia. Uko mwalimu, unajua kupanga maneno."
Nikauliza habari za Mugisho.
"Maman akisema muzuri, mutoto atarudi. Akisema mubaya, atarudi pia. Mutatafuta sanduku."
Akaniongezea sukari. Nikanywa. Nilikunywa yote.

Siku ya posho, Jumamosi 13/2
Nimeandika. Mara ya kwanza ilikuwa mbaya, lugha ya serikali, nani angeamini? Nikachana. Nikaanza upya na mlango wa kanisa, mvua, kofia ya marehemu iliyoanguka kwenye matope. Kila kitu chake nimekiacha kilivyo. Nimebadilisha wauaji tu. Imekuwa nzuri. Naona aibu kwamba ni nzuri.
Shangazi hajui kusoma. Ninasema, anafuata. Kila akifika kwa wauaji, ulimi unarudi kwa askari. Nikamkaripia. Mwishowe nikampiga kofi mkononi, kama mtoto wa darasani. Dada ya baba yangu.
"Rudilia, shangazi."
Akarudilia.

Siku ya kwanza, 15/2
Amesema. Hakukosea hata neno. Alilia mahali ambapo sikuandika kilio. Fundi wa redio akampa leso. Kadutu nzima, mtaa wetu, imesikia, redio zilikuwa wazi kila duka. Tumerudi kwa miguu. Hakuna aliyetusalimu.

Siku ya pili, 16/2
Mugisho amerudi. Mzima, kama mtu asiye na kucha kwenye mkono wa kulia anaweza kuitwa mzima. Walimwekea redio ndani ya cachot, kule kifungoni, asikie. Shangazi alimchemshia maji ya kuoga. Akayasukuma.
"Maman, ni nani aliua papa?"
Shangazi akaniangalia.
"Usiangalie ule. Ni miye nakuuliza."
Shangazi akageukia mlango. Jirani walikuwa uani, na kati yao hatujui nani anapeleka habari kambini. Mugisho akachukua koti, akatoka mchana kweupe. Jioni mtu amemwona njia ya Bunyakiri, kwenda msituni. Chumvi haikuwa kweli basi. Sasa itakuwa.

Siku ya Mungu, 21/2
Misa ya kwanza. Tulipoketi, wamama wa Mumosho wakahama benchi, wote pamoja, bila kelele. Baada ya misa mmoja akamtemea shangazi mate kwenye kitambaa.
"Umeuzisha bafu betu, benye baliuawa."
Mimi hakuna aliyenitemea. Walinipa mkono: bonjour, mwalimu. Hawajui nani aliandika. Nikasema bonjour.

Siku ya ine, 18/3
Nimesahihisha mitihani ya darasa la troisième. Niliwapa swali: eleza tukio moja la mkoa wetu. Msichana mmoja wa Bagira ameandika mlango wa kanisa, mvua, kofia kwenye matope, watu wa msituni. Sentensi zangu, karibu zote. Mwandiko safi, hakuna kosa. Nilishika kalamu ya bic nyekundu, chai ikapoa. Mkaguzi atapita kesho. Nimempa pointi zote.
Mugisho, hakuna habari.
Shangazi yuko uani anachagua maharagwe. Hasimulii tena. Mpangaji mpya wa parcelle, kiwanja chetu, mwanamke wa Kamituga, mpole, alimuuliza bwana yake alikufa namna gani.
"Sijue," shangazi akasema. "Balisema ku redio."
Akatupa jiwe dogo pembeni, akaendelea kuchagua.