Vigogota Wawili Dirishani kwa Bibi Ruth

Baba Boke mpendwa,

Habari za Isebania? Nyote wazima? Na mgongo wako unaendeleaje na hayo matairi ya malori? Mimi mwili ni mzima, roho ndiyo haijatulia. Naandika kwenye karatasi kwa sababu kwa simu utanikatiza, na leo nataka unisikilize mpaka mwisho.

Unamjua Bibi Ruth, mzee ninayemtunza hapa Amerika, yule aliyekuwa mwalimu. Nyuma ya nyumba yake kuna kijumba cha kulishia ndege, na kando yake kikapu cha waya chenye mafuta ya ng'ombe. Vigogota huja hapo kudonoa. Wako wa aina mbili, na ukiwaona utaapa ni baba mmoja mama mmoja: weusi, mgongo mweupe, dume ana doa jekundu kisogoni. Bibi mwenyewe ndiye aliyenifundisha kuwatofautisha. "Usihangaike na ukubwa wa mwili, tazama mdomo," aliniambia. Mdogo ana kidomo kifupi. Mkubwa, mdomo wake karibu ulingane na kichwa. Kila asubuhi tunaketi dirishani, yeye hutaja aliyetua, mimi naandika kwenye daftari.

Basi tangu theluji iyeyuke alianza kukosea. Mkubwa anatua, yeye anasema mdogo. Nikakuuliza kwa simu, ukanijibu: "Mama Boke, hao ni ndege tu. Wewe sema ndiyo, kazi isiharibike." Nami nikasema ndiyo, miezi mitatu. Usinicheke, hapo kwenu Mama mkwe akisema ng'ombe ni mweusi, nani huthubutu kumwambia ni wa kahawia? Nilidhani ni heshima.

Jumamosi alikuja mwanawe, Daniel. Wiki iliyopita mama yake alikosea kukanyaga ngazi akaumia goti, na sasa Daniel anasema haoni vizuri, anataka kumpeleka kwenye nyumba ya wazee. Bibi anaiogopa nyumba hiyo kuliko kifo. Akasema macho yake ni mazima, daftari liletwe, halina kosa hata moja. Tukiwa hapo hapo kigogota akatua kwenye mafuta.

"Mdogo," akasema Bibi bila kusita.

Mdomo wa yule ndege ulikuwa mrefu kama msumari. Daniel hajui ndege. Akanigeukia: "Ni kweli?"

Mume wangu, hebu fikiri. Nikisema ndiyo, anabaki kwake, na siku moja nitamwokota chini ya ngazi. Nikisema hapana, mimi ndiye nitakayekuwa nimemtoa nyumbani kwake. Na Bibi alikuwa ananitazama akitabasamu, ananiamini.

Nikasema, "Hapana. Ni mkubwa. Na daftari lina makosa mengi. Nilikuwa najua."

Daniel alitoka nje kumpigia daktari wa macho. Tunakwenda kesho, na baada ya hapo ndipo ataamua kama mama yake anabaki. Wanasema mficha maradhi kifo humuumbua. Mimi nilificha ya mwenzangu. Nina hasira na nafsi yangu, na kidogo na wewe pia.

Msalimie sana Mama mkwe, na dada yako anayetusaidia na mtoto. Boke mwambie sijasahau viatu vyake. Kaka yangu, yule muuza mitumba wa Oyugis, akipita hapo mpe chai na umwambie nitampigia.

Nilitaka kuishia hapo, lakini kuna jambo naliogopa kuliandika. Jana jioni nilimpelekea Bibi uji chumbani. Nilikuwa tayari kwa matusi, hata kufukuzwa. Aliuliza tu, "Ulianza kujua lini?"

"Theluji ilipoyeyuka."

Akaweka mkono juu ya lile goti. Kisha akasema, "Kwa hiyo miezi mitatu yote nilikuwa peke yangu pale dirishani, na wewe umeketi kando yangu."

Niliuweka uji kando ya kitanda, Baba Boke, nikatoka.

Mkeo,
Akoth