Nimerudi Sokoni na Nyonga ya Chuma

Sofia, rafiki yangu,

Jumamosi nimerudi sokoni. Nimeona nikuambie mwenyewe, maana wewe ndiye uliyenisukuma mpaka nikakubali kupasuliwa.

Unajua nilivyokuwa. Mfupa wa nyonga umelika, natembea kama bata, na nikiinama kuchambua nguo kwenye turubai naguna mpaka wateja wanageuka. Biashara ya mitumba ndiyo kwanza imeruhusiwa, kila mtu anaikimbilia, nasi tulishapata wateja wetu kuanzia hapa Songea mpaka Namtumbo. Nikakuambia mimi naacha, wewe endelea. Ukanijibu, "Nenda Dar wakakutengeneze. Siwezi kuuza na mtu anayekoroma kama redio mbovu." Ukanifungia mzigo, ukanisindikiza stendi, ukakaa na turubai letu peke yako muda wote niliokuwa hospitali.

Niliporudi na magongo, wifi yangu aliniwekea kiti barazani, akasema kazi yangu sasa ni kupumzika. Wewe ukawa unapita asubuhi kabla ya soko, unaninyanyua. Kwanza tuliishia mlangoni. Halafu bombani. Halafu barabara kuu. Nikilia hukugeuka. Ulisimama mbele, umenipa mgongo, ukasubiri nikufikie.

Kisha homa ikakuchukua kabla sijaacha gongo la pili. Ugonjwa wa siku chache tu. Mimi ndiye niliyekuwa mgonjwa, Sofia. Mimi.

Nilikuja msibani kwako kwa miguu yangu. Wanawake walijaa kwenye mikeka, na mimi daktari amenikataza kukaa chini wala kupiga magoti, nyonga isije ikachomoka. Nikabaki nimesimama mlangoni kama mtu asiyefunzwa adabu. Mama yako alikuwa ameshafika kutoka Nakapanya. Nikampa shikamoo nimesimama vilevile, mbele ya watu wote. Mmoja akanong'ona kwamba Kristina siku hizi ni mkubwa, hata kwenye kifo cha mwenzake hashuki chini.

Nikageuka nitoke. Mama yako akasema kwa sauti yake ile ya chini, "Mleteeni kiti kirefu. Huyu amefundishwa kutembea na mwanangu."

Kikaletwa. Nikakaa juu yao wote, nikakulilia kwa sauti.

Arobaini ilipopita nilimwambia wifi akiondoe kile kiti barazani. Alikasirika, akasema nikianguka nisimwite. Nikamwendea fundi seremala kule Msamala, akanitengenezea meza inayonifika kiunoni, ili nguo zikae juu nisiiname. Wenzetu wenye maturubai waliicheka, wakaiita altare ya kanisani. Waache wacheke. Jumamosi wateja waliotoka Mbinga, kule kwenye baridi, waliizunguka wakichagua makoti bila kupinda migongo.

Mchana nyonga ilianza kuuma. Nikakaa kidogo, nikasimama tena. Kilichonishinda ni kitu kingine. Nilinyoosha koti moja zito, nikasema, "Sofia, shika huku tulikunje." Mteja akanitazama. Nikalilaza mezani, nikalikunja mwenyewe, nikamuuzia.

Basi nakuahidi hivi. Tumbaku ikianza kununuliwa, wakulima wakishika hela, nitakwenda Namtumbo, kwenye gulio letu. Nitakaa mbele kwa dereva, mguu nimeunyoosha, na nikifika nitashuka mwenyewe. Wale akina mama uliowaambia utawaletea sweta za watoto watazipata, na nitawaambia zimetoka kwako. Wakiniuliza nani ananisaidia siku hizi, sijui nitawajibu nini. Lakini nitakwenda.

Mungu akulaze pema, Sofia. Mimi kesho natoka mapema.

Mwenzio,
Kristina